Bunduki ya kuwindia mbali haipigi panapotakiwa: dalili, sababu na marekebisho

Tuelewane kwanza kuhusu maneno, kwa sababu Kiswahili hubebesha neno "risasi" mizigo mingi. Hapa risasi ni kitu kizima kinachoingia chemba, yaani nafasi iliyo nyuma ya mtutu. Ganda ni kile kikombe cha shaba kinachobaki baada ya kufyatua, fataki ni kile kidude kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, na kichwa ni kile kinachoruka kwenda kwa mnyama. Ile metali nzito inayojazwa ndani ya vichwa vingi tutaiita ledi.

Mazingira tunayoyazungumzia ni majimbo ya magharibi ya Marekani, yaani Colorado, Wyoming, Idaho na Montana. Huko elki (jamii ya kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini) na kulungu huwindwa mita 300 hadi 550, mara nyingi kwenye mwinuko wa mita 2,500 au zaidi, na kujaza risasi mwenyewe nyumbani ni jambo la kawaida. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na nchi nyingine za Afrika Mashariki zina sheria zao kali kuhusu nani anaruhusiwa kugusa baruti. Msomaji aliye huko aanze na sheria kabla ya kitu kingine chochote.

Malalamiko mengi yanayoelekezwa kwa risasi hayaihusu risasi kabisa. Mtu hubadilisha baruti mara nne, akanunua vichwa vya aina sita, kumbe skrubu ya pete ya darubini imelegea. Kwa hiyo fuata utaratibu: skrubu, darubini, mkao wa mpigaji, hali ya mtutu, na risasi iwe mwisho. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na mambo yakanyooka, hujajua kilichoponya.

Onyo moja kabla ya kuanza. Hutapata hapa kipimo cha baruti cha risasi yoyote. Vipimo vichukuliwe kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, toleo la karibuni, kwa kichwa kile kile ulicho nacho, ukianzia kiwango cha chini kilichoandikwa. Soma jina la baruti mara mbili: H4350 na IMR 4350 si kitu kimoja, vivyo hivyo H4831 na IMR 4831, na kipimo cha moja hakihamishiwi kwa nyingine. Juu ya meza liwepo kopo moja tu la baruti. Ukimaliza, baruti iliyobaki kwenye mashine irudi katika kopo lake kabla hujainuka.

Dalili: mnyama amepigwa mahali sahihi lakini amekimbia, na tundu la kutokea ni dogo kama la kuingilia

Hili tunaliweka mbele kwa sababu ndilo linaloumiza kuliko yote, na chanzo chake mara nyingi ni uamuzi uliofanyika dukani. Kichwa cha kuwindia huua kwa kufunguka kama uyoga ndani ya mwili. Ili kifunguke, kinahitaji kufika kikiwa bado na kasi ya kutosha. Vichwa vingi vya kawaida vya kuwindia huhitaji takriban futi 1,800 kwa sekunde, karibu mita 550. Chini ya hapo hupenya kama sindano, na mnyama huondoka na jeraha litakalomwua baadaye mahali ambapo hutampata. Vipo vilivyotengenezwa kufunguka kwa kasi ndogo zaidi. Kampuni ya Nosler, kwa mfano, hutaja futi 1,300 kwa AccuBond Long Range, lakini AccuBond ya kawaida huhitaji 1,800. Majina yanafanana, kazi ni tofauti.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwa mnyama na kurudi nyuma. Uliza kwanza: umbali wangu wa mwisho ni upi, na kichwa hiki kitafika pale na kasi gani? Chukua 6.5 Creedmoor, risasi iliyotoka kwa Hornady mwaka 2007 na sasa imeenea kila mahali, yenye kichwa cha ELD-X cha greni 143 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kinachotoka mdomoni kwa futi 2,700 kwa sekunde (mita 823). Kwenye yadi 400, yaani mita 366, kinabaki na takriban futi 2,150, na kwenye yadi 500 (mita 457) futi 2,030 hivi. Kufunguka kitafunguka. Ila nguvu yake kwenye yadi 400 ni karibu jouli 2,000, na kwenye yadi 500 karibu 1,775. Wawindaji wa Marekani kwa desturi hutaka jouli 2,030 kwa elki, ambazo kwao ni pauni-futi 1,500, na jouli 1,355 kwa kulungu. Maana yake 6.5 Creedmoor ni risasi nzuri ya kulungu hadi mita 450 na zaidi, lakini kwa elki mpaka wake wa heshima uko pungufu kidogo ya mita 360. Anayeisifu kwa elki kwenye mita 600 anasifu ulaini wa teke lake begani.

Ukitaka elki kwenye mita 450, panda ngazi. 7mm Remington Magnum ya mwaka 1962, ikirusha greni 162 kwa futi 2,940, hufika yadi 500 ikiwa na karibu jouli 2,400. .300 Winchester Magnum ya 1963 yenye greni 200 huzidi hapo, na huchukua malipo yake begani mwako. 7mm PRC, iliyoingia sokoni mwaka 2022, ilibuniwa tangu mwanzo kwa vichwa virefu vya greni 175 hadi 180, na mtutu wake umesokotwa kwa ajili hiyo. Kwa maoni yetu ndiyo yenye mantiki zaidi kwa anayeanza leo kununua bunduki ya elki wa mbali. Aliye na 7mm Remington Magnum nzuri hana sababu ya kuiuza.

Dalili ya kinyume ipo pia: kichwa kimepasuka vipande juu ya bega na hakikupenya hadi mapafu. Hapo umetumia kichwa laini, pengine cha mashindano ya shabaha, kwa mnyama aliye mita 80 tu, ambako kasi bado ni kubwa mno. Anayewinda vichakani asubuhi na kwenye bonde wazi jioni achague kichwa kilichounganishwa ledi na koti lake la shaba, au cha shaba tupu, na akubali kupunguza umbali wa mwisho. California ilikwisha kuamua jambo hilo kwa sheria: tangu tarehe 1 Julai 2019 ledi hairuhusiwi katika uwindaji wowote jimboni humo.

Sheria za majimbo zina viwango vyake. Colorado hutaka kwa elki kichwa cha angalau greni 85 na nguvu ya pauni-futi 1,000 kwenye yadi 100, ambacho ni kiwango cha chini sana. Kutimiza sheria si kutosheleza mnyama. Idaho nayo hukataza kuwinda wanyama wakubwa kwa bunduki inayozidi pauni 16, yaani kilo 7.3, pamoja na darubini na vikorokoro vyake.

Dalili: matundu kwenye karatasi yana umbo la ufunguo, au yametawanyika vibaya kwa kichwa kimoja tu

Kichwa hakijatulia angani, kinayumba kama mshale uliopoteza unyoya. Sababu ni msokoto wa mifereji ya mtutu usiolingana na urefu wa kichwa. Zingatia urefu, maana uzito peke yake hautoshi: kichwa cha shaba tupu ni kirefu kuliko cha ledi chenye uzito ule ule, kwa hiyo kinahitaji msokoto wa haraka zaidi.

Pima msokoto mwenyewe, usitegemee kumbukumbu ya muuzaji. Hakikisha bunduki haina risasi, ondoa bolti, ingiza ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka na kitambaa kinachobana. Weka alama kwenye ufito usawa wa mdomo wa mtutu, na nyingine juu ya mpini. Vuta polepole hadi alama ya mpini ikamilishe mzunguko mmoja, kisha pima umbali ambao ufito umesafiri. Ukipata inchi 8, hicho ndicho kipimo chako.

6.5 Creedmoor nyingi huwa na inchi 8 na hazina tatizo hili. Shida huonekana kwenye .270 Winchester za inchi 10, ambazo hufurahia greni 130 hadi 150 na kukataa vile vichwa virefu vipya. Ndiyo sababu 6.8 Western ilipotolewa mwaka 2021 ilipewa msokoto wa inchi 7.5 au 8 kwa vichwa vya greni 165 na 175 vya kipenyo kile kile. 7mm Remington Magnum za zamani zenye inchi 9.5, na .308 Winchester za inchi 12, zina kikomo cha namna hiyo. Dawa ni kichwa kifupi zaidi au mtutu mpya. Kuongeza baruti hakuponyi msokoto.

Dalili: matundu hayana mpangilio wowote kwenye mita 100

Kabla ya kugusa risasi, fanya hivi kwa mpangilio.

Kaza skrubu kwa bisibisi inayopima nguvu. Pete za darubini nyingi hutaka nyutoni-mita 1.7 hadi 2. Skrubu zinazoshika bunduki kwenye kitako huwa karibu 7.3 kama kitako kina kiini cha alumini, na pungufu ya hapo, karibu 4.5, kwa mbao tupu. Maelekezo ya mtengenezaji ndiyo ya mwisho. Kukaza kupita kiasi huminya bomba la darubini, na baada ya hapo hata kliki zake hazitabiriki.

Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako, kutoka mbele hadi karibu na chemba. Kikikwama, mtutu unagusa. Kitako cha mbao kilichonyonya unyevu hubadilika kila msimu.

Angalia paralaksi. Bunduki ikiwa imetulia kwenye mifuko ya mchanga, sogeza jicho juu na chini bila kugusa bunduki. Alama ya msalaba ikitembea juu ya shabaha, rekebisha kitasa cha paralaksi hadi itulie.

Mpe mtu mwingine anayejua apige mafungu mawili (fungu ni risasi kadhaa zilizolengwa mahali pamoja). Hili hukwepwa kwa sababu ya fahari, na ndilo linalookoa fedha nyingi zaidi. Magnamu, yaani risasi kubwa zenye baruti nyingi, zenye teke kali hufundisha watu kufumba macho na kubetua triga bila wao kujua.

Hayo yakiwa sawa, safisha mtutu hadi shaba ya vichwa itoke yote, kisha piga risasi tatu za kuuzoesha na uanze upya. Ukihama kutoka vichwa vya ledi kwenda vya shaba tupu, usafi huu ni wa lazima, la sivyo fungu la kwanza litakudanganya. Vichwa vya shaba tupu pia hupenda nafasi zaidi kabla ya kufika kwenye mifereji. Barnes hupendekeza kuanzia inchi 0.050, karibu milimita 1.3.

Jambo moja kuhusu idadi. Fungu la risasi tatu linaweza kuwa zuri kwa bahati na baya kwa bahati. Watu wengi hufikiri wamegundua "kipimo kinachopendwa na bunduki" kumbe wametazama bahati ikicheza. Kabla ya kutupa au kukubali risasi, piga angalau kumi, iwe mafungu mawili ya tano, na mtutu upoe katikati. Ni gharama, ndiyo, lakini ni nafuu kuliko kukimbizana na kivuli msimu mzima.

Dalili: fungu ni dogo mita 100, lakini mita 500 limenyooka juu na chini kama ngazi

Sasa risasi yenyewe inashukiwa. Kasi ya risasi moja hadi nyingine haiwiani. Kwa 6.5 Creedmoor, tofauti ya mita 20 kwa sekunde kati ya ya haraka na ya polepole hutoa karibu sentimita 14 za wima kwenye mita 550. Mita 100 haitaonekana kabisa.

Pima risasi kumi kwa kipima kasi. Kama unatumia kile kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, usihukumu fungu kikiwa kimefungwa. Uzito wake hubadilisha mtikisiko wa mtutu na kuhamisha matundu.

Wengi hukimbilia mizani. Kwa ganda linalokula zaidi ya greni 70, kosa la greni 0.1 ni dogo mno kuleta tofauti ya mita 20. Hata hivyo mizani ya kielektroniki iwashwe nusu saa kabla, iwekwe mbali na feni na simu, na ikaguliwe kwa uzito wa majaribio kila baada ya risasi kumi.

Mkosaji wa kweli mara nyingi ni shingo ya ganda. Shingo iliyopigwa mara nyingi huwa ngumu na kushika vichwa kwa nguvu tofauti tofauti. Utaihisi mkononi: kichwa kimoja huingia laini, kingine hukwaruza. Maganda hayo yapashwe moto shingoni na begani tu ili yalainike, yaani kitako kibaki baridi kabisa, kwa kuwa kitako kilicholainika hakiwezi kuhimili presha na ganda hilo ni la kutupwa. Tenga maganda kwa mtengenezaji na kwa idadi ya mara yaliyopigwa. Usichanganye maganda ya kijeshi na ya kiraia kwenye .308: ya kijeshi mengi yana kuta nene, nafasi ndani ni ndogo, na presha hupanda kwa baruti ile ile.

Fataki nazo zikaguliwe kwa kidole: kila moja iwe imezama kidogo chini ya usawa wa kitako, inchi 0.003 hadi 0.005. Iliyoning'inia juu huwaka kwa kusitasita. Mwishowe, urefu wa risasi usipimwe kwenye ncha. Ncha za plastiki hazilingani. Pima kwa kifaa cha vania kinachokaa kwenye mbavu za kichwa, mahali kitakapokutana na mifereji.

Dalili: fungu ni zuri hata mbali, lakini liko juu au chini kuliko programu ya simu ya kukokotoa njia ya kichwa inavyosema

Risasi haina kosa. Kuna mambo matatu ya kuchunguza.

La kwanza ni shinikizo la hewa. Programu hutaka shinikizo la hapo ulipo. Taarifa za hali ya hewa hutoa shinikizo lililorekebishwa kama vile uko usawa wa bahari. Kwenye mita 2,700 shinikizo halisi ni karibu 730 hPa, huku utabiri wa redio ukitaja 1,015. Ukiingiza 1,015 kama shinikizo la kituo, programu inadhani uko ufukweni kwenye hewa nzito, na risasi zako zote zitapita juu. Tumia kipimo cha mkononi, au ingiza mwinuko peke yake.

La pili, darubini inayosema uongo. Bandika karatasi ndefu mita 100 kamili, iliyopimwa kwa futi kamba. Chora mstari wa wima kwa timazi. Piga ukilenga chini, kisha zungusha kitasa mili 8 (mili ni kizio cha pembe cha darubini) na upige tena ukilenga pale pale chini. Fungu la pili liwe sentimita 80 juu ya la kwanza. Likiwa 78, darubini inapunguza asilimia 2.5, na kwenye mita 550 hiyo ni sentimita 5 peke yake. Ingiza sahihisho hilo kwenye programu. Kama fungu la juu limehama pembeni ya mstari, darubini imefungwa imeinama. Bunduki iliyoinama nyuzi 3 tu hukutupa karibu sentimita 10 pembeni kwenye umbali huo. Kijitimazi cha maji juu ya darubini ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa.

La tatu ni kasi iliyokopwa kwenye boksi. Kiwanda hupima kwa mtutu wa inchi 24. Wa kwako una 20. Pima ya kwako.

Dalili: fungu limelala kushoto na kulia

Upepo, karibu kila mara. Upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuka njia husukuma ile 6.5 Creedmoor ya greni 143 takriban sentimita 43 kwenye mita 457, ambayo inatosha kutoka mapafuni hadi tumboni. Hakuna kujaza risasi kunakofuta hilo. Kama hujui kusoma nyasi na mirage (mtetemo wa hewa yenye joto) kati yako na mnyama, umbali wako wa mwisho ni ule ambao kosa lako la upepo halizidi sentimita 10 kila upande.

Dalili: bolti ni ngumu kuinua, fataki zimebonyea bapa, kitako cha ganda kina alama ya kung'aa

Acha kupiga. Usiseme "nimalizie hizi mbili".

SAAMI, chombo cha viwanda vya Marekani kinachoweka viwango tangu mwaka 1926, huruhusu psi 62,000 kwa .308 na 6.5 Creedmoor, 64,000 kwa .300 Winchester Magnum na 65,000 kwa risasi za ukoo wa PRC. Ganda linapoanza kuonyesha alama, presha kwa kawaida imekwisha kuvuka mpaka huo muda mrefu. Fataki bapa peke yake ni shahidi dhaifu, kwani nyingine ni laini na nyingine ni ngumu. Shahidi mwenye kuaminika zaidi ni kipima kasi. Kitabu kinasema kiwango cha juu hutoa futi 2,700 na wewe unapata 2,800 kwa mtutu wa urefu ule ule: kasi hiyo ya ziada imetoka kwenye presha ya ziada, haina mahali pengine pa kutoka. Shahidi mwingine ni mfuko wa fataki uliolegea baada ya kujazwa mara mbili au tatu tu.

Sababu zake ni nyingi, na kuzidisha baruti ni moja tu kati yake. Kichwa kimebadilishwa bila kurudi chini na kuanza upya, hasa kutoka ledi kwenda shaba tupu. Fataki imebadilishwa kuwa ya magnamu. Kichwa kimesukumwa hadi kinagusa mifereji. Ganda limerefuka likabanwa na mwisho wa chemba: kwa 6.5 Creedmoor lisizidi milimita 48.8, kwa .300 Winchester Magnum 66.5. Pete ya masizi magumu imejengeka mbele ya shingo, jambo linalowapata hasa wanaosafisha shaba bila kusafisha masizi. Mafuta au maji yamebaki chemba.

Na joto. Hili lina uhusiano wa moja kwa moja na Tanzania, kwa sababu Wamarekani huja kuwinda huko na bunduki zao. Risasi iliyotafutwa kwenye kiwango cha juu Colorado mwezi wa kumi, nyuzi 2, ikafungwa kwenye ndege kati ya zile kilo 5 zinazoruhusiwa kwa abiria, kisha ikakaa kwenye dashibodi ya Land Cruiser jua la mchana huko Rungwa, si risasi ile ile tena. Baruti za chembe za mviringo hupandisha presha kwa joto kuliko zile za Hodgdon zilizotengenezwa kuvumilia, kama H4350 na H1000. Ijaribu risasi yako katika joto utakalowindia, na kasha likae kivulini.

Risasi zilizobaki zenye presha zivunjwe kwa nyundo maalumu ya kutolea vichwa, huku umevaa miwani. Usijaribu kuzipoza na kupiga baadaye.

Kinyume chake pia ni hatari: kupunguza baruti ya polepole chini sana ya kiwango cha kuanzia ndani ya ganda kubwa la magnamu. Inaweza kuwaka isivyotabirika na kupandisha presha ghafla. Chini ya kiwango cha kitabu hakuna usalama wa ziada.

Dalili: ganda lina mstari unaong'aa juu kidogo ya kitako, au limekatika

Ganda linanyooshwa kupita kiasi kila mara linapopigwa. Mkosaji ni kalibu (kifaa cha kurudishia ganda umbo lake) iliyosukuma bega chini mno. Bega lirudishwe inchi 0.002 tu, karibu milimita 0.05, chini ya lilivyotoka chemba. Magnamu zenye mkanda, kama 7mm Remington na .300 Winchester, huathirika zaidi, kwa sababu vitabu huhesabu nafasi kutoka kwenye mkanda huku bega likiachwa huru. Rekebisha kalibu kwa bega la chemba yako, usiisukume tu hadi igonge.

Kagua ndani kwa waya wa klipu ya karatasi iliyonyooshwa na kukunjwa ncha kidogo. Uburute kutoka kitakoni kwenda juu. Ukikwama kwenye mfereji mdogo, lipige ganda bapa kwa koleo na ulitupe, pamoja na mengine yote ya kundi hilo.

Dalili: risasi ya kwanza asubuhi huenda mahali pake peke yake

Mtutu ulioachwa na mafuta hutupa ya kwanza mahali tofauti. Futa kwa kitambaa kikavu, piga mbili au tatu siku moja kabla, na uache hivyo hadi uwindaji uishe. Ikiendelea, hakikisha sifuri (mahali darubini inapolingana na tundu) kwa risasi ya kwanza ya siku tano tofauti kwenye karatasi moja, kwa kuwa hiyo ndiyo atakayoipata mnyama. Anayefunga na kufungua kizuia sauti afanye sifuri nacho.

Dalili: triga imebofya, hakuna mlio

Shikilia mdomo wa mtutu upande salama, hesabu hadi sekunde 60, kisha ndipo ufungue bolti, uso ukiwa pembeni. Fataki inaweza kuchelewa. Tazama alama ya pini: ikiwa ndogo, mafuta ndani ya bolti yameganda kwa baridi. Fungua bolti, osha kabisa, na usiache zaidi ya unyevu mwembamba wa mafuta ya baridi. Ikiwa alama ni nzito na baruti haikuwaka kwenye ganda kubwa, fataki ya kawaida imeshindwa na baridi. Fataki za magnamu, kama Federal 215 au CCI 250, zimetengenezwa kwa hilo, ila kipimo kianzie tena chini.

Ukisikia mlio hafifu, "puff" badala ya mshindo, usiingize risasi nyingine kwa hali yoyote. Ondoa bolti na uangalie ndani ya mtutu kwa mwanga kutoka upande wa chemba. Kichwa kilichokwama kikifuatwa na kingine hupasua mtutu mikononi mwako. Kikiwamo, peleka bunduki kwa fundi.